Makumbi ya Sakafu ya Gari

Mume wangu alikuwa na gari kuukuu na mke mkali, na namna alivyotubembeleza sisi wawili haikuwa na tofauti kubwa. Gari alilinunua Msambweni, kwa mzee mmoja aliyekuwa akihamia kwa watoto wake. Lilikuwa saluni ya zamani ya Kizungu, limekaa bandani hadi kuku wakalifanya lao. Mume wangu alikuwa amestaafu udereva wa hoteli ya Diani, na badala ya kupumzika kama watu, akaamua kulirudisha gari lile lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Si kulitengeneza tu, kulirudisha. Akikuta hata skrubu isiyokuwa ya wakati wake, alinung'unika hadi wakati wa kula.

Injini ilikubali, rangi ikakubali, ikabaki sakafu. Alikuwa ameng'oa zulia na vyote vilivyooza chini yake, likabaki bati tupu, nasi tukawa tunatembea hivyo hivyo. Joto la injini lilipanda hadi kwenye nyayo. Kelele ndizo usiseme: kila kijiwe cha njiani tulikisikia, na ili tuzungumze ilitubidi tupayuke kama watu waliogombana. Nikamwambia gari hili litaniua kwa kichwa. Akacheka, akanipigia kelele:

"Ngoja sakafu ikamilike! Nina neno nataka kukwambia, na silitaki kulipigia kelele!"

"Niambie nyumbani!"

"Nyumbani halifai! Ni neno la garini!"

Ndivyo alivyokuwa. Nilimsumbua kwa neno hilo, nikamnunia, nikampikia samaki wa kupaka, hakulisema.

Fundi mmoja wa Ukunda, mtu wa bara, alimwonyesha mashiti mazito yenye gundi upande mmoja na upande wa pili yanang'aa kama fedha. "Mzee, hii ndio kitu," alisema. "Unabandika tu, joto kwisha, kelele kwisha." Mume wangu akayageuza, akayanusa, akayarudisha kwa adabu. Alisema hewa yetu ina chumvi, na unyevu ukishikwa chini ya kitu kile bati litaliwa kabla mwenyewe hajajua. Lakini nilimjua. Sababu yenyewe ni kwamba gari lile halikuzaliwa na vitu vile.

Jioni alikuja nyumbani na kipande cha kile alichokiondoa chini ya zulia, akakitandaza juu ya gazeti na kuanza kukichambua. Juu palikuwa na sufi iliyooza, na chini yake nyuzi za kahawia. Alitaka kujua Wazungu walitumia nini. Mimi nilipita na sinia, nikazishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nazi," nikamwambia. "Hii ni usumba."

Mama yangu na bibi yangu walikuwa wapiga makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, siwezi kuukosea usumba hata gizani. Mume wangu alicheka hadi akaketi chini. Nazi ilipanda meli ikaenda Ulaya, ikarudi imejificha chini ya zulia, na sisi tunahangaika kutafuta vya kigeni.

Basi tukaenda kutafuta usumba Bodo, kwa shangazi yake. Kule wanawake huchimba mashimo kwenye tope la mikoko, maji ya bahari yanapofika na kurudi, wakafukia makumbi ya nazi chini ya mawe. Hukaa huko miezi mingi hadi yalainike, ndipo huchimbuliwa na kupigwa kwa magongo mpaka zibaki nyuzi tupu. Ni kazi ya wanawake. Yeye alikataa kufanyiwa. Alikunja suruali, akaingia topeni, akachimba shimo lake na kulichomekea kijiti chenye kitambaa chekundu ili lisichanganyike na ya wengine.

"Leo makumbi yamepata bwana!" wanawake walimcheka.

"Bwana wa mke wake mmoja tu!" akajibu, amejaa tope hadi masikioni.

Hakuwahi kuyaona makumbi yakiiva. Alianguka uani akichota maji ya kutawadha, na nilipomfikia hakuwa tena wa kuitwa akaitika. Nikaingia eda.

Walionijua walidhani kukaa ndani kutaniua, mtu nisiyetulia. Kilichonizuia nisipasuke ni lile shimo. Yeye alikuwa chini ya udongo na makumbi yake chini ya tope, lakini makumbi yalikuwa bado yanafanya kazi aliyoyapa. Nilijiambia nikitoka nitayachimbua mwenyewe, nitayapiga mwenyewe, nitamaliza sakafu yake. Nilimpenda mno, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo tungeifanya wawili.

Nilipotoka eda nililiwasha gari, nikaweka magunia nyuma, nikaenda Bodo kwa kelele zile zile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mungu ampe kauli thabiti." Alinishika mikono miwili, uso umemng'aa. "Tumemfanyia jambo, utafurahi. Tulisema makumbi ya marehemu yasipotee. Tukayachimbua, tukayapiga sote, tukasokota kamba. Tumeitoa sadaka, kamba ya kisima cha msikiti. Kila atakayechota maji ya udhu, thawabu zinamfuata yeye."

Nikasema alhamdulillahi. Nilikwenda mwenyewe hadi kwenye mikoko nikaliona shimo, limejaa maji, kijiti kimelala pembeni na kitambaa chake. Nilitamani kumpigia mtu kelele na hapakuwa na wa kumpigia. Walimpenda na walimfanyia wema, na sadaka ikishatolewa hairudishwi. Hata kama ingerudishwa, nani angemnyang'anya maiti thawabu zake kwa ajili ya zulia la gari?

Niliporudi shangazi aliyaona magunia. Akanitazama, akayatazama tena.

"Mwanangu, ulikuwa unayataka?"

Nikalia. Sikulia vile hata siku ya maziko, kwa kuwa siku ile watu walikuwa wengi. Shangazi alitikisa kichwa, akaingia jikoni, akatoka na kibonge cha usumba cheusi kwa masizi. Alikuwa amekibakisha katika usumba wa mume wangu, cha kusugulia sufuria. Alikisuuza, akakikamua kwenye kanga yake, akanipa.

Nilikiweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva, pale kisigino cha mume wangu kilipokuwa kikikaa. Kilitosha mahali pa kiganja. Kwingine kote ni bati hadi leo. Fundi wa Ukunda ananiuliza habari ya sakafu kila tukionana, na mashiti yake anayo bado.

Siku ile, nilipofika barabara kuu nililiachia gari liende. Kelele zikajaa, vijiwe vikagonga chini, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nikamwambia mume wangu neno langu, kwa sauti ya chini kama alivyotaka yeye kuniambia lake. Hata mwenyewe sikulisikia.