Foleni ya Sauti ya Ian

Sifuna anauza intaneti Kiminini, na ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni askari wa foleni. Dukani ana kompyuta kuukuu iliyogeuzwa kuwa ruta. Simu, video, kila kitu kinapita humo kikiwa kimekatwa vipande viitwavyo pakiti, kisha antena inavirusha hadi majumbani. Yeye ndiye anayeamua pakiti ipi itangulie. Kwa maringo yake, utadhani kashikishwa funguo za mbinguni.

Mzee Wekoye alipofariki, mjane wake Wilkista alimjia. Kifungua mimba wao, Ian, yuko Qatar, na mwajiri wake alimnyima ruhusa ya kuja kuzika. Sifuna na Ian walitahiriwa msimu mmoja, na huo ni undugu usiofutika.

"Mwanangu, Ian anataka kuongelesha baba yake kabla watupe mchanga," Wilkista alisema. "Waliachana vibaya. Wewe saidia tu sauti ifike."

"Itafika, mama. Nitaiweka mbele ya kila kitu."

Na kweli, aliiamuru ruta izipe pakiti za Ian alama ya kutangulia mara tu zinapoingia.

Siku ya mazishi waombolezaji waliomba paswadi ya Wi-Fi ya pale nyumbani, na nani atamnyima mgeni wa matanga? Wakafungua video zao. Ian akapigiwa, spika ikasogezwa kwenye jeneza.

"Baba, mimi ni... siku ile... nisa..."

Kisha mkoromo mtupu. Sifuna akafungua laptopu. Alama ipo. Akatazama tena, ipo! Akawasihi watu wazime video; wakatikisa vichwa kukubali, wakaendelea kutazama. Angebadilisha paswadi, hata simu ya Ian ingekatika.

Mchungaji aliangalia mawingu. "Tumemsikia kijana. Tuendelee."

Mchanga ukamwagwa.

Wiki nzima Sifuna alichokonoa ile ruta kwa hasira, mpaka akaujua ukweli. Kiini cha mfumo wake, kile mafundi hukiita kerneli, kikishapokea pakiti na kutaka kuipeleka mbele, huitupa alama uliyoipa na kusoma muhuri ambao pakiti yenyewe ilikuja nao. Pakiti za Ian zilikuja bila muhuri wowote, zikarudishwa nyuma kwenye msongamano wa video. Alama aliyokuwa akiikodolea macho ilikuwa ya mlango wa kuingilia tu. Na dawa yake? Mpangilio mmoja, uliowekwa namba moja, ubadilishwe uwe sifuri. Basi! Alitamani kulia.

Akaubadilisha, akamwita Wilkista, wakampigia Ian. Wateja walikuwa wamejaa mtandaoni, lakini sauti ikaja safi kama yuko chumba cha pili.

"Sasa unasikika, mwanangu," Wilkista alisema. "Si useme yale ulitaka kusema siku ile?"

Ian akajibu, na safari hii hapakuwa na mkoromo.

"Mama, hayo nilikuwa naambia baba."

Sifuna alisikia kila neno.