Nilimnunulia mke wangu kidani cha kale, akasema nimeleta hirizi ndani

Wakuu, salama humu? Kisa hiki sijakiongeza chumvi hata punje. Anayebisha aje hapa Irving, Texas, nimwoneshe kidani chenyewe.

Ilikuwa 2018, birthday ya shemeji yenu imekaribia. Nipo estate sale kule DeSoto, zile za kuuza vitu vya ndani mwenye nyumba akishafariki. Nikaona kidani: kipande cha waya mnene, kifupi kama kidole gumba, kimebanwa na pete za shaba. Nikasema hapa nitapendwa upya.

Weee! Alivyofungua boksi akaruka.

"Baba Eliya, hirizi ya marehemu unaniletea mimi?"

Na kweli, nyuzi zimesokotwa, katikati kitu cheusi... duh. Kikalala kwenye gari wiki mbili. Akina mama wa fellowship ya kanisani kwetu wakaja kuiombea nyumba. Nilikasirika, sifichi.

Hapa niseme kitu pembeni. Wife alikuwa na donda lake. Baba yake, kule Singida, hakuwahi kupokea simu yake tangu tufunge ndoa bila baraka zake. Mwaka wa tatu huo. Alishaacha kupiga.

Basi, tukaenda Houston harusini. Nikapitia kwa babu mmoja Mzungu anayetengeneza vito vya zamani. Shemeji yenu akagoma kushuka, halafu umbea ukamshinda, akaja kusimama mlangoni.

Babu akaweka lenzi, akacheka kwa furaha. Kumbe ni kipande cha waya wa kwanza wa telegramu kupita chini ya bahari, Ulaya mpaka Amerika! Watu walifurahi mno, mabaki yakakatwa vipande yakavaliwa kama vito.

"Ulidumu?" wife akauliza.

"Wiki chache tu, ukafa. Wakachekwa. Baadaye wakatandaza mwingine, ukakatika. Wakarudi tena, ndipo ukakubali."

Ku-drive kote kurudi alikuwa amekishika kidani mkononi.

Jumamosi asubuhi namkuta jikoni, kidani shingoni, simu sikioni. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Ya tatu nikasikia, "Nani?"

"Ni mimi, baba."

Mzee akauliza, "Huko mmeshakula?"

Wakuu, nililia mimi kabla yake.

Nilichojifunza: usichoke kupiga. Kama kuna namba uliyoikatia tamaa, ijaribu leo, halafu njoo utuambie hapa alisemaje.

Na wale akina mama wa fellowship? Sasa wananiuliza vidani hivyo vinapatikana wapi.