Saa ya Ng'ambo

Nilitoka Rumonge asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1972, bila kujua naenda wapi. Kuondoka hivyo halikuwa jambo geni kwangu. Shule yenyewe niliiacha darasa la nne kwa kulifuata lori la ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, nikitaka tu kuona linakoishia. Liliishia sokoni, na mimi sikurudi darasani. Tangu siku hiyo nilizoea kuamka, kukunja shuka na kushika njia: leo Gitaza nikipakua mitumbwi, mwezi ujao Nyanza-Lac nikikamua mawese. Safari zote hizo nilisukumwa na hamu ya kujua kilichoko mbele. Asubuhi ile niliondoka kwa sababu fundi aliniambia niondoke.

Fundi alikuwa mshonaji katika mtaa wa Waswahili, mtu mwembamba ambaye baba yake alikuja kwa mashua kutoka Ujiji zamani na hakurudi. Kila nilipokuwa Rumonge nililala kwenye baraza lake. Mwishoni mwa mwezi wa nne mambo yalikuwa yameharibika kando yote ya ziwa. Sitayaeleza. Walioyaona wanayajua. Nitasema tu kwamba ilifika siku ambapo kuwa na kalamu mfukoni kulitosha kumfanya mtu asirudi nyumbani.

"Jana wamemuchukua karani," fundi aliniambia, akiwa bado na uzi mdomoni. "Leo mwalimu wa pale juu. Wewe iko na kaye ngapi?"

Kaye ndiyo madaftari yetu. "Saba," nikasema.

"Na kidole chako iko na wino."

"Mimi si msomi, fundi. Nimeishia ya nne."

"Utawaeleza hivyo wakikuuliza? Hawaulizi, ndugu yangu."

Akazichukua kaye zangu saba, akazitumbukiza moja moja katika jiko la pasi yake ya mkaa, bila haraka, kama mtu anayepasha pasi. Kisha akavua saa yake ya mkono akanifunga.

"Usigeuze mishale," akasema. "Iko inasoma saa ya ng'ambo."

Ng'ambo kwetu ni upande wa Kigoma, kwa hiyo nilielewa ananituma wapi, ingawa hakutaja.

Habari ya saa hiyo inaanza miaka kumi nyuma, mwaka tuliopata uhuru. Mwaka ule bendera zilishonwa nyingi kuliko kanzu, na fundi kwa kazi hiyo akanunua redio ya betri, ya kwanza katika mtaa wetu. Aliiweka dirishani, uso wake ukitazama nje, ili hata asiyeingia asikie. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Nilikuwa nimetembea kando yote ya ziwa toka Muhuta hadi Kabonga, lakini sikuweza kuandika barua.

Tukasikia kwamba redio ya ng'ambo ina masomo ya kusoma na kuandika Kiswahili, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni. Fundi akanyoosha kitambaa cheusi ukutani kwa misumari, akatoa chaki yake ya kupimia nguo, ile bapa. Tukawa na ubao. Wanafunzi tulikuwa sita, na mkubwa wetu alikuwa mama mmoja mjane aliyeanika ndagala mchangani. Alikuja akinuka samaki na hakuomba radhi kwa mtu.

Jumanne ya kwanza, saa ya ukutani ilipogonga kumi na mbili, fundi akafungua redio. Sauti ikasema ni saa moja kamili.

"Redio bado mpya," fundi akatuambia. "Inakimbia. Itazoea."

Kisha somo likaanza. Mtangazaji alisoma polepole, kwa huzuni, na fundi aliyejua herufi aliandika maneno mazito mazito kwenye kitambaa, sisi tukiyaiga: amefariki, mazishi, ndugu na jamaa, popote walipo. Jumanne ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mama wa ndagala akaweka kaye yake chini.

"Fundi, hawa watu wa ng'ambo kila juma somo lao ni kufa tu?"

"Wanaanza na magumu," fundi akajibu. "Mengine yatakuwa mepesi."

"Mimi nimeshazika mume. Hii somo naijua."

Tungeendelea hivyo mwaka mzima kama si baharia wa meli ya Kigoma aliyeleta suruali yake kuzibwa. Alisimama mlangoni akatutazama tunavyoandika, watu wazima sita, midomo ikisogea. Akaketi chini kwa kicheko. Tulikuwa tukinakili matangazo ya vifo. Somo letu lilikuwa limekwisha zamani, kwa sababu saa ya ng'ambo iko mbele ya saa yetu kwa saa moja nzima. Ziwa ni hilo hilo moja, meli zao zinatia nanga kwetu, na kwao ni saa moja wakati kwetu ni kumi na mbili. Nani angelijua hilo mpaka sauti ivuke maji?

Fundi hakucheka. Alipanda kiti, akasogeza mshale wa saa ya ukutani mbele, kisha wa ile ya mkononi, na toka siku hiyo duka lake likaishi saa moja mbele ya Rumonge yote. Wateja waligombana naye kwa miaka. Mtu aliyeahidiwa kanzu saa nane alifika akakuta fundi amekwenda zake kula, akidai ni saa tisa. "Kama unataka saa ya hapa, nenda ushone kwa watu wa hapa," aliwaambia.

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Mjukuu wangu sasa anajifunza hesabu kwenye simu. Mwalimu akienda mbio anamsimamisha kwa kidole, anamrudisha nyuma, anamwambia arudie. Namtazama kwa furaha na kijicho kidogo. Mwalimu wetu hakusimama. Ukikosa neno, limekwenda na mawimbi, na itabidi umwulize jirani. Lakini kitu chenyewe ni kile kile: sauti ya mtu asiyekujua, ambaye hakukuuliza ada wala kwa nini uliacha shule, inakuja mpaka ulipo. Mama wa ndagala alikuwa akirudia herufi kwa kijiti mchangani asubuhi kabla ya kumwaga samaki. Ndagala zikakaukia juu ya jina lake. Baada ya mwaka alisoma mwenyewe maandishi yaliyokuwa kwenye magunia ya wachuuzi na kugundua kwamba miaka yote gunia lake lilikuwa limeandikwa jina la mtu mwingine.

Baada ya somo hatukuizima redio. Zilifuata habari, na ndani ya habari mara nyingi ilikuja sauti ya rais wa ng'ambo. Alizungumza kama mtu aliyekaa nawe barazani, Kiswahili safi kisicho na haraka, hata alipokuwa akisema mambo makubwa. Alisema uhuru wa nchi yake haujatimia ikiwa majirani bado wanatawaliwa. Alitaja nchi za kusini ambazo hatukuwahi kuzisikia. Fundi akaona hatuelewi ziko wapi, basi akachukua vipande vya nguo vilivyobaki na kuanza kushona ramani ya Afrika pembeni mwa kile kitambaa cheusi. Kila nchi iliyokuwa huru ilipata kipande cha rangi: yetu ilitoka kwenye masalio ya bendera, Kongo ilitoka kwenye kitenge cha mke wake. Zisizo huru aliziacha nyeusi.

"Huko Msumbiji iko ziwa?" mama wa ndagala aliuliza.

"Iko bahari."

"Na huyu rais anawasaidia bure? Ni shemeji zake?"

"Anasema ni majirani."

"Majirani wa nani? Mbali hivyo." Akaitazama ile ramani muda mrefu. "Basi sisi tuko ndani ya kiwanja chake."

Tulicheka. Miaka ikapita, vipande vya rangi vikaongezeka, na mimi nikaendelea kuja na kuondoka, kila mara nikikuta kipande kipya. Kusini ilibaki nyeusi kwa muda mrefu. Juma lile la mwisho fundi alikigeuza kitambaa, ramani ikatazama ndani, na akakifanya pazia la mlango wa ndani.

Nilikwenda kusini kwa miguu siku mbili, kwenye mashamba ya michikichi, mbali na barabara. Nilikuwa na shuka, saa na kipande cha chaki ya fundi ambacho sikukumbuka kwamba kiko mfukoni. Siku ya tatu asubuhi, Kabonga, mvuvi alinichukua pamoja na familia mbili. Hakuuliza kitu. Tulifuata ufuko, maji yakiwa yametulia kabisa, na mtoto mmoja akilia kwa njaa. Njia nzima nilikuwa najiuliza swali moja: zile sauti za redioni, zingejua kwamba majirani ni sisi? Kumsifu jirani wa mbali ni rahisi. Sisi tulikuwa tukivuka kidogo kidogo, watu ishirini kila saa, wenye matope, bila karatasi. Kama wangeturudisha, hapakuwa na mahali pa kurudi.

Kijiji cha kwanza cha upande ule kilikuwa na ghala la samaki, na mbele ya ghala meza. Karani wa kijiji, kijana wa miraba minne aliyevaa shati la mikono mifupi, alikuwa akiandika watu.

"Serikali imesema mpokelewe," alitangaza. "Mimi nasema mpange mstari."

Zamu yangu ikafika. Aliuliza jina, nikampa. Aliuliza ninakotoka, nikasema.

"Unajua kusoma na kuandika?"

Jibu lilitoka kabla sijalifikiria. "Hapana."

Karani akainua macho. Akautazama mkono wangu juu ya meza, kidole cha kati chenye sugu na doa la wino ambalo siku tatu za njia na jasho hazikulitoa. Nilikivuta kidole ndani ya ngumi. Alinisogezea kidau cha wino.

"Haya. Dole gumba."

Nikaweka dole gumba langu kwenye karatasi, karibu na jina langu ambalo alikuwa ameliandika kwa makosa, na nikaliona kosa, na nikanyamaza.

"Nenda nyumba ile yenye nyavu nje," akasema. "Ni kwa shangazi yangu. Mwambie mimi nimekutuma. Atakutukana kidogo, usijali."

Shangazi yake hakunitukana. Alinipa maji, kisha ugali na ndagala, akanitazama nikila mpaka nikaona haya. "Kuleni polepole," akasema, ingawa nilikuwa peke yangu. Nadhani alikuwa akimwambia kila mtu aliyevuka.

Nikamshukuru kwa mazoea ya kwetu. "Murakoze, mama."

"Hilo silijui, lakini nimelipokea."

Jua lilikuwa bado juu ya maji watu walipoanza kuingia uani: wavuvi wanne, wanawake kadhaa, mzee mmoja na kibao chake cha kukalia. Karani akaja mwisho, na redio kwapani. Ukutani palikuwa na ubao mdogo uliopakwa masizi. Niliitazama saa ya fundi. Ilikuwa Jumanne, kumi na mbili kasoro dakika tano. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifundo cha kugeuzia mishale, kama tulivyozoea kuhesabu: ng'ambo ni saa ngapi, kwetu ni ngapi. Nikauondoa. Hapakuwa na cha kuhesabu. Kwa mara ya kwanza saa ile ilikuwa mahali pake.

"Mwandishi wetu amekwenda Kigoma," karani aliwaambia watu, akifungua redio. "Leo tutasikiliza tu. Mimi mnajua mwandiko wangu."

"Kama kuku kakimbizwa," mzee akasema.

"Sasa angekuwapo mtu anayejua kuandika." Karani hakunitazama. "Lakini hawa wageni wetu wote wanapiga dole gumba."

Ule muziki wa kufungua somo ukaanza, muziki ambao kwa wiki tatu za kwanza, miaka kumi nyuma, tuliukosa. Niliingiza mkono mfukoni na kukuta chaki. Nilikaa nayo kiganjani mpaka muziki ulipokaribia kwisha. Mambo yangu yote yalikuwa katika kipande kile bapa: nikisimama, kila mtu katika ua ule atajua kwamba naandika, na kwamba nimemdanganya karani wa serikali. Kisha nikasimama.

Siku hizi nawasikia watu waliosoma wakijadili urithi wa rais yule kwa mataifa ya nje. Wapo wanaomsifu kwa nchi za kusini, wapo wanaouliza watu wake walilipa gharama gani. Nasikiliza pande zote, maana bado napenda kujua. Baadaye tulipelekwa bara, mbali na ziwa, na maisha ya huko hayakuwa laini. Hayo nayo ni urithi. Ila mimi nikiulizwa, naikumbuka meza mbele ya ghala na kijana aliyeona wino kidoleni akaniacha niseme hapana mpaka nilipokuwa tayari kusema ndiyo.

Niliandika somo zima. Dole gumba langu la zambarau liliacha alama kila nilipougusa ubao.

"Herufi zako kubwa mno," shangazi akasema tulipomaliza. "Ubao wetu mdogo."

"Nilizoea kitambaa, mama."

Karani alizima redio, akaikumbatia tena kwapani. "Na jina lako kule kwenye daftari," akauliza, "nimelikosea?"

"Kidogo."

"Kesho uje ulisahihishe. Mkeka wako uko pale nyuma ya nyavu, mwalimu wa dole gumba."