Upepo Ndani ya Kofia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia ngumu hamsini na pampu moja. Nilikuwa nimetoka ulinzi wa hoteli kule West Bay, Doha, na mpira niliojua ni wa miguu. Huu wa Kimarekani, watu wanaoukumbatia wakikimbia na kugongana, sikuwa nimeuona hata kwenye runinga. Timu ilikuwa ya kulipwa, changa, ikianza msimu wake wa kwanza. Mimi nikawa mtunza vifaa.

Nyinyi vijana mnadhani kofia ni kuvaa tu. Ndani yake kuna vifuko vya upepo. Unamvisha mchezaji, unajaza kwa pampu yenye sindano, halafu unashika vyuma vya usoni unatikisa. Ngozi ya paji ikisogea pamoja na kofia, imemkaa sawa. Lakini stoo yetu ilikuwa na AC kali, na nje jua la Doha linachoma. Upepo uliojazwa kwenye baridi ukitoka nje hutanuka, kofia ikabana kichwa. Kwa hiyo nilikuwa napima tena uwanjani na kupunguza. Niligundua mwenyewe, na sikumwambia mtu.

Tulishinda mechi mbili. Ndipo Meneja wa Timu akamleta Mugisha, Mganda wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa dereva wa basi la kampuni iliyomiliki timu. Mtu wa kucheka na kila mtu, bwana! Wiki moja tu, Kocha Mkuu anamwita kwa jina. Mimi, miezi minne, bado nilikuwa "wewe wa stoo." Niliumia. Tuliishi chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, na hata chai aliyonipikia niliinywa nimenuna.

Kabla ya mechi ya tatu Kocha Mkuu alituita. "Kofia zote ziwe chini ya Mugisha. Wewe chora mistari ya uwanja. Msimu ujao nitahitaji mkuu wa vifaa mmoja tu."

Mugisha alinifuata stoo. "Mzee, wewe ndiye unazijua hizi. Kuna kitu natakiwa kuangalia zaidi?"

"Jaza mpaka kofia isicheze kichwani," nikamjibu. "Basi."

Akajaza vizuri sana, mle mle ndani ya baridi. Mimi nikaenda kuchora mistari yangu.

Robo ya pili ya mechi, mrushaji wetu, yule anayeanzisha mashambulizi, alishindwa kuvumilia kubanwa. Akalegeza mkanda wa kidevuni. Alipokumbwa, kofia iliruka, akaangukia kichwa. Alipona, ila daktari alimkataza kucheza tena. Mechi zilizobaki tulifungwa zote.

Meneja alituita ofisini. "Nani alijaza upepo?"

"Mimi, bosi," Mugisha akasema. "Peke yangu. Mzee hahusiki kabisa."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikarudi stoo.

Walimhamishia karakana ya kampuni kule Industrial Area, eneo la viwanda, na mkataba ulipoisha akarudi kwao. Ukuu wa vifaa nikaupata mimi. Nimeushika mpaka nimestaafu, chini ya makocha wanne, na wote waliniita kwa jina.

Wiki iliyopita walinifanyia hafla ya kuniaga, wakanivisha shati la timu. Picha zilimfikia Mugisha, akanipigia kutoka Mbarara. Anafundisha udereva. Sauti ni ile ile, ya mtu asiye na kinyongo, na hata hiyo nilimwonea wivu.

"Hongera sana, Mzee wangu," akasema. "Sasa umepumzika, niambie jambo moja. Miaka yote hii najiuliza. Zile kofia nilikosea wapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii. Akarudia swali pole pole, neno kwa neno. Nilikuwa namsikia vizuri. Nikakata simu.