Ndugu Gerlak na Mshtaki wa Moyoni

Ndugu Gerlak alizaliwa tarehe 9 Novemba 1862 katika kijiji cha Zandhove, nchi ya Kempen, katika nyumba iliyosimama peke yake ukingoni mwa nyika. Alibatizwa kwa jina la Kornelis. Baba yake, aliyekuwa akikata udongo mweusi wa kuchoma motoni, alifariki kabla mtoto hajaijua sura yake. Mama yake, Rosalie Verdonck, alimlea kwa viazi, mkate wa shayiri na fedha kidogo ya mayai. Hapakuwa na mtoto mwingine karibu. Alipoita, upepo ndio uliomjibu.

Tangu utoto alishtakiwa moyoni. Haikuwa sauti ya masikioni, bali hukumu iliyokaa ndani yake na kumkosoa kwa kila alilotenda. Siku moja alimpelekea mke wa mhunzi mayai, kisha akarudi mbio kwenye mvua kumwambia kwamba yai moja huenda lilikuwa dogo kuliko mengine. Yule mama akacheka sana. "Mwambie mama yako kuku ndiye aje kuungama, si wewe!" Rosalie hakucheka. Alimkausha nywele akasema, "Wewe mwanangu, ungekuwa hakimu ungeanza kwa kujifunga mwenyewe. Njoo ule." Alikula kidogo, kwa kuwa ndani yake aliambiwa kwamba hakustahili kula.

Mwaka 1886, baada ya kumzika mama yake, alibisha hodi katika abasia ya Eikenvoort, kwa watawa wasiozungumza ila kwa lazima. Alidhani kwamba katika nyumba ambamo watu wote wamenyamaza, mshtaki wake naye atanyamaza. Alikosea. Walimvika kanzu ya kahawia ya ndugu wa kazi, wakampa jina la Gerlak na kundi la kondoo, akawa akishinda nyikani peke yake tangu asubuhi hadi sala ya jioni. Ukimya uliowapumzisha wenzake ulimwachia mshtaki uwanja mzima.

Ilikuwako desturi abasiani iliyoitwa baraza la makosa. Ndugu walikaa mbele ya abate, mkuu wa nyumba, na kila mmoja alitaja kosa lake la hadharani, au alitajiwa na mwenzake. Kanuni zake zilikuwa kali kwa mshtaki kuliko kwa mshtakiwa. Mshtaki aseme alichokiona kwa macho yake, si alichokidhani. Aseme mara moja, kisha akae. Wala asitoe adhabu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya abate. Gerlak alizisikia kanuni hizo kila juma, lakini alipojishtaki mwenyewe hakuzifuata hata moja. Alisema ametembea kwa majivuno, pengine amesali bila moyo, pengine amemdharau mtu bila kujua, mpaka migongo ya wenzake ikauma. Ndugu Odilo, mwendesha mkokoteni, mtu wa mwili mkubwa na mzaha mwingi, alimwambia siku moja walipokuwa wakipakia manyoya, "Gerlak, umetumalizia dhambi zote! Sisi wengine tutaungama nini?"

Mara mbili aliitwa kuweka nadhiri za daima, na mara mbili aliomba ziahirishwe, akisema hastahili. Abate Teofiel akapanga sikukuu ya Mtakatifu Benedikto, tarehe 21 Machi 1894, akamwambia kwamba hakutakuwa na mara ya nne. Ataweka nadhiri siku hiyo, au atarudi ulimwenguni.

Mapema mwezi huo, siku ya ukungu, aliwatoa kondoo. Hajafika mbali, moyo ukamwambia kwamba hakufunga mlango wa zizi na kwamba kondoo wagonjwa waliobaki watatoka. Akarudi, ulikuwa umefungwa. Akaenda, akashtakiwa tena, akarudi tena, umefungwa. Aliporudi mara ya tatu, kundi lilimfuata kondoo kiongozi hadi kwenye kinamasi. Odilo, aliyekuwa akipita na mkokoteni, aliruka akawavuta aliowaweza. Majike wawili wenye mimba walizama.

Jioni Gerlak alimwendea abate. "Baba, niruhusu niondoke. Mimi si mtu wa nadhiri."

"Kwanza baraza," abate akajibu. "Ukitoka pale, utaniambia kama bado unaondoka."

Asubuhi Gerlak alipiga magoti akaanza orodha yake ndefu. Abate akainua mkono. "Nyamaza, mwanangu. Nani ameona?"

Odilo akasimama. "Nilimwona Ndugu Gerlak akiwaacha kondoo kwenye ukungu, akarudi zizini. Wawili wamezama." Akakaa.

Abate alimpa adhabu ya mkate mkavu hadi Jumapili, na akamwamuru kwamba akishaufunga mlango asirudi kuutazama. Baraza likaendelea na mambo mengine. Saa sita Odilo alifika zizini na visu viwili ili wachune ngozi za wale waliozama. "Shika mguu huo," akasema. "Na usinitazame hivyo! Nilisema nilichokiona tu. Kondoo nawapenda, na wewe pia nakupenda, punguani we."

Hapo Gerlak alielewa jambo ambalo hakuwahi kulielewa, akamrudia abate. "Baba, leo nimeshtakiwa kwa haki, nimeumia, na bado nimeweza kusimama. Yule wa ndani akinishtaki, siwezi kusimama."

"Huyo wako, amewahi kukuambia kweli?"

"Mara nyingine. Nikiwa mvivu huniambia."

"Basi usimfukuze. Mwingize barazani, lakini afuate kanuni kama sisi. Aseme alichokiona, mara moja, akae. Adhabu si kazi yake."

Gerlak aliweka nadhiri zake tarehe 21 Machi. Mshtaki hakuondoka. Lakini kila alipoambiwa moyoni, "Wewe ni mtu wa ovyo," aliuliza, "Umeona nini?" Mara nyingi hapakuwa na jibu. Alipoambiwa, "Kondoo yule anachechemea, nawe umempita," alisema, "Ahsante," akarudi kuutazama ukwato. Hivyo aliyekuwa adui yake akawa mwalimu wake, na kundi la Eikenvoort likasifiwa Kempen nzima. Hata hivyo tusiseme uongo ili kumpamba. Upweke haukupungua. Ndugu waliomwona kwa mbali walisema kwamba alifanana na mti mmoja uliosahauliwa na waliokata mingine.

Mwaka 1907 alimjia Koleta Baeten, mshonaji wa Zandhove, aliyekuwa hajapokea Komunyo kwa miaka tisa. Kila Pasaka alisimama nyuma ya mlango wa kanisa.

"Ndugu, mimi nimeoza," alisema.

"Nani kasema?"

"Moyo wangu."

"Umeona nini? Taja kitu kimoja."

"Nilimfungia dada yangu mlango, siku ya baridi kali. Hatujasemezana tena."

"Hilo ni kosa. Kaliungame, kisha ukabishe kwake. Na mengine?"

"Mengine... sijui. Nahisi tu."

"Kuhisi hakuna kiti kwenye baraza letu, dada. Haya nenda, kondoo wangu wanaondoka."

Pasaka ile Koleta alipiga magoti mbele ya altare, na dada yake alikuwa ubavuni pake.

Gerlak alishikwa na homa ya mapafu Januari 1917, wakati wa vita, njaa ikiwa kali na jeshi la wageni limekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kundi. Kwa desturi ya watawa wale mtu akikaribia kufa, alilazwa sakafuni juu ya majani makavu na majivu. Odilo, sasa mzee, alikaa karibu naye.

"Ananiambia nimeishi bure," Gerlak akanong'ona.

"Ameona nini?"

"Ameona kwamba nilikuwa peke yangu siku zote. Hilo ni kweli." Akapumzika. "Hilo la bure hakuliona."

Alifariki adhuhuri ya siku ile, tarehe 22 Januari.

Watu wa Zandhove husimulia kwamba siku ya maziko kondoo waliosalia walisimama kando ya ukuta wa makaburi bila mchungaji, hadi kaburi lilipofunikwa. Odilo alisema kwamba palikuwa na majani pale. Kijiji kinatunza maneno yote mawili. Lakini wengi walioteswa na mioyo yao wamesali penye kaburi lile, wakarudi nyumbani na kosa moja la kurekebisha badala ya mamia ya kuogopa. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi tunalingojea kwa utii.

Nawe, mwamini, utakapobaki peke yako na mshtaki wako, usimpigie kelele wala usimsujudie. Mwulize ameona nini. Akiwa nalo jambo, litengeneze leo. Asipokuwa nalo, inuka uende kazini. Mungu hakumwondolea Ndugu Gerlak upweke wake. Alimjalia kukaa ndani ya upweke huo bila hofu. Tumwombe atujalie nasi.