Sala Chini ya Picha ya Ndizi

Nilimpa fundi mmoja wa Kisii mjini kazi ya kunitengenezea tovuti ya kuuzia ndizi. Aliponitumia sampuli, chini ya picha ya ndizi zangu nikakuta Kilatini, kama kile cha misa za zamani. Nikachanganyikiwa. Huyu ananibariki bila kuombwa?

Basi jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali nyumbani kwangu, kijijini Manga, nikawasimamisha wote, wanaume wakavua kofia, nikasoma Kilatini kile kwa sauti ya padre. Wakaitikia, "Amina!" Nikampigia fundi, simu kwa spika, atufafanulie sala yake.

"Sala gani, mama? Hayo ni maneno ya kujaza nafasi tu. Bado nangoja uniandikie habari za ndizi."

Walikuwa wangali wamesimama, kofia mikononi, wakingoja niwaambie waketi.