Siku Niliyojifanya Padre Nyuma ya Pazia la Bafuni

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata hamu ya kumsingizia mume wangu, Wachina au hali ya hewa. Nilikosa mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu na kwa ndala ya mguu wa kulia.

Jina langu halitakusaidia kitu, mwenzangu unayesoma. Niite Mama Konso, ingawa hata hilo nimelibadilisha. Mambo haya ni ya mwishoni mwa miaka ya tisini, tukiwa Guangzhou. Mume wangu alikuwa ananunua nguo za jumla kwenye soko la Sanyuanli na kuzisafirisha Moshi. Mimi nilimfuata na watoto wawili: Konsolata wa miaka tisa, tuliyezoea kumwita Konso, na mdogo wake Deo wa miaka sita.

Baba Konso alitaka watoto wabaki Moshi kwa mama yake. Alisema, "Mama bado ana nguvu, shule iko jirani, kanisa liko jirani. Kule utawafanyia nini?"

Wee! Nilimwakia kama mafuta ya taa. Watoto wangu walelewe na mtu mwingine mimi nikiwa hai? Nikaapa mbele ya mama mkwe mwenyewe kwamba nitawafundisha kwa mkono wangu, kusoma, kuhesabu na dini, wala hawatapungukiwa kitu. Mama mkwe alinitazama tu. Akasema, "Haya, Mama Konso. Mungu akusaidie." Wakati ule nilidhani ananibariki.

Paroko wetu naye alinikubalia. Konso alikuwa amefikia umri wa Komunyo ya kwanza, na Padre akasema nimfundishe katekisimu hukohuko, nimrudishe Desemba amsikilize. Akiwa tayari, angeungama kwa mara ya kwanza na kupokea Komunyo siku ya Krismasi. Nikaondoka nimevimba kichwa. Mwalimu na katekista katika sketi moja! Nami elimu yangu ilikuwa kupiga chapa ofisini.

Sasa sikia nilivyoanza shule. Mtu mwenye akili angeanza na kitabu. Mimi nilianza na sare!

Nilikwenda sokoni kununua mashati meupe mawili na sketi moja na kaptula moja. Muuzaji akakataa, ni jumla tu, dazeni kwa dazeni. Nikanunua! Shule yangu ikawa na wanafunzi wawili na sare za kutosha darasa zima. Baba Konso aliporudi akakuta mabunda sebuleni, akauliza, "Hawa wengine wanakuja na ndege ya saa ngapi?"

Kisha nikaenda barabara ya Yide, kwenye maduka ya vifaa vya shule, nikarudi na ubao, chaki, na rula ya mbao ndefu ya mita moja. Rula ile niliipa jina Kumbusho, kwa sababu ilikuwa inawakumbusha jedwali la nane kwenye ncha za vidole.

Kengele nikaivua kwenye baiskeli ya mume wangu.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi nilipiga kengele. Kulikuwa na mstari kwenye varanda, ghorofa ya sita, watu wawili, mrefu mbele mfupi nyuma. Nakagua kucha. Tunaimba. Halafu natoa matangazo! Nilikuwa nawatangazia watoto wangu, niliowapikia uji nusu saa iliyopita, kwamba uongozi wa shule hauridhiki na usafi wa masikio. Na darasani marufuku kuniita mama. Niitwe Mwalimu.

Saa sita kamili napiga kengele tena, tunasali Malaika wa Bwana. Chini yetu aliishi bibi mmoja Mchina, mama wa mwenye nyumba, watoto walimwita Popo kama wanavyoita bibi kule. Popo alikuwa akisikia kengele anapanda ngazi pole pole kutuchungulia, anacheka mpaka anashika ukuta, anawapa watoto machungwa aliyokwisha menya. Mimi nilimwona anaharibu nidhamu.

Konso alikuwa anaelewa haraka. Katekisimu aliimeza yote kufikia Septemba. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza Mungu ni nani, anakujibu bila kufungua macho. Lililobaki lilikuwa kitubio, na hapo ndipo kiherehere changu kilipopanda hadi darini.

Nikafikiri, mtoto hajawahi kuingia kwenye kiti cha maungamo, atababaika, ataniaibisha mbele ya Paroko. Lazima afanye mazoezi. Na mazoezi yanahitaji padre.

Yesu na Maria, nisameheni! Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni, nikavuta pazia la plastiki lenye picha za samaki, nikajitundikia taulo la zambarau shingoni kama stola ya padre. Konso akapiga magoti upande wa pili, juu ya mkeka mdogo.

Mara ya kwanza alinipa dhambi za kukariri. Nimegombana na mdogo wangu. Nimesahau sala ya asubuhi. Mara ya pili zilezile, kwa mpangilio uleule. Nikachukia.

"Hizo ni dhambi za kitabuni," nikamwambia. "Sema za kweli, za moyoni."

Akauliza, "Na zikiwa mbaya?"

"Padre hamwambii mtu yeyote. Hata wamkate kichwa, hasemi. Wala hakasiriki."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Hapa mimi siyo mama. Hapa mimi ni Padre."

Ndiyo maneno yangu hayo, mwenzangu. Nayakumbuka kila neno.

Sasa ujue kwamba wiki mbili kabla ya hapo, Kumbusho alikuwa amepotea. Nilipindua nyumba nzima. Mwisho nikaamua mwizi ni Popo, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa anaingia. Nikamnunia. Akinisalimia nageuza uso. Akileta supu naipokea kwa mkono mmoja bila kusema asante. Wiki mbili, ajuza wa watu!

Konso akavuta pumzi nyuma ya pazia. Akasema, "Padre, nibariki maana nimekosa. Mimi ndiye niliyetupa Kumbusho. Nilimtia kwenye pipa la taka la chini, Deo alipokuwa analia vidole. Na dhambi ya pili..."

Dhambi ya pili sikuisubiri.

Nilitoka na pazia zima! Pete zake zikaruka ta-ta-ta-ta, samaki wa plastiki wakanifunika kichwa, ndoo ikabiringika. "Kumbe ni wewe! Kumbe ni wewe unayenitia aibu kwa jirani!" Ndala ilikuwa tayari mkononi. Nilimchapa mtoto akiwa amepiga magoti, mikono yake bado imefumbatana.

Konso hakulia. Hilo ndilo linalonitesa. Alinitazama machoni, akatazama taulo shingoni mwangu, akanitazama tena.

Baba Konso alikuwa sebuleni anakunywa chai. Akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Mama Konso, ni padre wa jimbo gani huyu anayechapa waumini?"

Nikamjibu asiingilie mambo ya shule! Nilikuwa bado naona nina haki, jamani. Na nikaongeza adhabu: akaandika mara hamsini, sitaiba mali ya shule.

Kumwomba radhi Popo nilitaka, lakini Kichina changu chote kilikuwa cha sokoni. Najua kusema ghali mno, najua kusema hakuna, najua kumwita mtu bosi. Mkalimani wangu alikuwa Konso, naye akawa haongei na mimi ila kujibu maswali ya darasani. Nikampelekea Popo mashati ya sare, dazeni nzima. Akayapokea kwa mikono miwili. Kesho yake nikayaona kwenye kamba, ameyashona kuwa foronya.

Oktoba, Novemba, Konso akawa mwanafunzi bora. Kucha safi, majedwali yote, katekisimu yote. "Ndiyo Mwalimu, hapana Mwalimu." Mimi mjinga nikafurahi! Nikamwandikia mama mkwe kwamba mtoto ametulia sana siku hizi. Hata jioni, vitabu vikiwa vimefungwa, aliniita Mwalimu, nami nikaona ni heshima. Nikamnunulia gauni jeupe la Komunyo, lenye shada la maua ya kitambaa, zuri hata wauzaji walimpigia makofi alipolijaribu.

Desemba tukarudi Moshi. Mbuzi alikwisha nunuliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imepikwa, ndugu wametoka Arusha na Dar kuja kula Krismasi na kumwona mtoto wa China anapokea Mwili wa Bwana. Paroko akamsikiliza Konso maswali yote, akashangaa. "Mama Konso, umefanya kazi." Nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo, "Ni Mungu tu, Padre."

Jumamosi ikawa zamu ya kuungama. Watoto wamepanga foleni kwenye benchi. Mmoja anaingia, anatoka anatabasamu. Ikafika zamu ya Konso. Akatazama lile pazia la zambarau la kwenye kiti cha maungamo. Akashika benchi kwa mikono yote miwili.

"Ingia, Konso," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

Nikambembeleza. Nikamkonyeza. Nikamfinya kidogo, Mungu anione. Benchi likawa linaburuzika naye. Wamama wote wamegeuka. Paroko akasikia vurugu, akatoka, akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, unaogopa nini?"

Konso akauliza kwa sauti iliyosikika hadi kwa kwaya, "Nyuma ya pazia kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ni mimi tu."

"Na mama atasimama wapi?"

Paroko akaninyanyulia macho. Akaongea na mtoto kando, mbele ya sanamu ya Mama Maria, muda mrefu kidogo. Akarudi kwangu anajizuia kucheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. "Mama Konso, mtoto anasema ataungama, hana shida. Ila ataungama siku wewe ukiwa umerudi China."

Khaa! Ardhi ingepasuka ningeshukuru.

Krismasi tulikula mbuzi wa Komunyo bila Komunyo. Gauni lilining'inia ukutani sebuleni kwa mama mkwe, na kila mgeni akilitazama mimi nakwenda jikoni kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Jioni nikamkuta Konso chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa. Nisamehe." Akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu." Hapo nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Januari shule zinafunguliwa, Konso akaomba abaki kwa Bibi. Hakugombana wala hakulia. Aliomba vizuri, kama nilivyomfundisha. Mama mkwe hakunikumbusha kiapo changu, na afadhali angenikumbusha! Alisema tu, "Mwache, Mama Konso. Nitakulelea." Mimi niliyeapa kwamba hakuna mwingine atakayelea wanangu, nilifunga sanduku nikiwa na mtoto mmoja.

Tuliporudi Guangzhou, Popo alitazama nyuma yangu, akatazama ngazini, akanyoosha kiganja usawa wa urefu wa Konso kuniuliza yuko wapi. Nikamjibu kwa neno nililokuwa nalo, lile la sokoni. Hakuna. Akanishika mkono, akaniingiza kwake, akanipa chungwa lililomenywa.

Kengele niliirudisha kwenye baiskeli. Deo nilimfundisha mezani, nikichambua mchele, na akajua kusoma upesi kuliko wakati wa mistari na matangazo. Aliniita mama.

Konso aliungama Kwaresima, mimi nikiwa upande wa pili wa dunia kama alivyotaka. Alipokea Komunyo Pasaka. Nililetewa picha kwa posta. Gauni limeongezwa kipande cha lesi mikononi, mshono wa Bibi. Mtoto anacheka meno yote. Picha ile ilikaa kwenye ubao wangu, juu ya jedwali la nane, hadi tulipohama.

Basi wewe unayetaka kuanza kuwafundisha wanao nyumbani, anza. Siyo vibaya, na imani inafundishika hata jikoni. Ila usiwe mwalimu hadi mtoto akose mama ndani ya nyumba yake. Na ukimwambia mtoto akufungulie moyo wake, kaa juu ya hiyo ndoo yako, funga mdomo, na ndala iache nje ya mlango!

Leo Konso ni mtu mzima, ana watoto wake. Ananipenda, ananiletea zawadi, ananitania. Dhambi ya pili sijaijua hadi leo. Juzi alipiga simu, sauti nzito, nikajua ana jambo. Nikamwambia, "Sema mwanangu, mama yako nasikiliza."

Akauliza, "Mama, umevaa taulo?"

"Sijavaa, mwanangu. Nakuapia."

Akacheka kidogo, akavuta pumzi, nami nikashika simu kwa mikono miwili.

"Basi sawa," akasema. "Hebu mpe Baba simu."